Walingoja papa, wakaletewa dagaa

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi na shemeji yangu tuliifuatilia tamthilia ya polisi ya BBC, Line of Duty, tangu msimu wa kwanza hadi wa sita, sebule moja, hapa Leicester. Usiku wa Mei 2, 2021, alipofichuliwa yule aliyeitwa "H", shemeji alizima televisheni kabla ya maandishi ya mwisho, akasema tumepotezewa miaka. Mimi niliona mwisho ule ni wa kweli kuliko yote niliyowahi kuitazama. Sasa BBC imetangaza msimu wa saba na ubishi wetu umefufuka. Nani kati yetu ana haki? – Msomaji, Leicester

JIBU: Shemeji yako hakuwa peke yake. Sehemu ile ya mwisho ilitazamwa usiku uleule na watu wapatao milioni 12.8 nchini Uingereza, na wengi wao waliamka asubuhi wakinung'unika kama yeye.

Kwa wasomaji ambao hawakuifuatilia, tamthilia hii iliandikwa na Jed Mercurio na ilianza kuonyeshwa mwaka 2012. Inahusu AC-12, kikosi cha kubuniwa kinachowachunguza polisi wala rushwa, chini ya Mrakibu Ted Hastings na wapelelezi wake wawili, Steve Arnott na Kate Fleming. Kila msimu humleta mtuhumiwa mpya, lakini swali moja linaendelea chini kwa chini: ni nani, ndani ya jeshi la polisi lenyewe, anayelilinda genge la wahalifu? Mwishoni mwa msimu wa tatu, mwaka 2016, msaliti mmoja aitwaye Dot Cottan alirekodiwa akiwa anakata roho, na ni katika msimu wa tano tu, miaka mitatu baadaye, ndipo ilipogunduliwa kwamba mkono wake ulikuwa ukigonga mara nne. Nukta nne katika alfabeti ya Morse ni herufi H, na hapohapo zilikuwa hesabu ya wasaliti. Watatu walikwisha kujulikana. Alibaki mmoja.

Hapo ndipo watazamaji walipotegewa kitendawili, wakaitikia "Tega!" kwa sauti moja. Korona ilisimamisha upigaji picha mwezi Machi 2020, kazi ikarejewa mwezi Septemba, na muda wote huo watu walikuwa wakibashiri. Kuna waliomshuku Hastings mwenyewe. Wengi walimkazia macho Philip Osborne, mkuu wa polisi aliyekuwa tayari kusema uongo mbele ya kamera bila kupepesa jicho. Walingoja papa, na papa wa kuning'inizwa mnadani watu wote wamwone.

Aliyeletwa ni Ian Buckells: Mrakibu mzembe, mvivu, ambaye tangu msimu wa kwanza alikuwa akipita nyuma ya wenzake bila mtu kumtilia maanani. Kilichomfichua ni tahajia. Katika ujumbe wa siri uliotumwa kwa genge, neno la Kiingereza "definitely" liliandikwa kwa a mahali pa i ya pili, na kosa hilohilo likaonekana katika maandishi ya Buckells ya miaka mingi. Akaketishwa katika kile chumba cha kuta za kioo, kinasa sauti kikatoa mlio wake mrefu unaowakera baadhi ya watu na ambao mimi naupenda, na watazamaji milioni kumi na kitu wakajikuta wanamtazama karani wa uovu, mtu aliyekuwa akipokea fedha na kupeleka maagizo.

Sasa nikujibu. Kuhusu maana, niko upande wako. Sisi tumezoea kulalamika kwamba dagaa hukamatwa na papa huachwa, na kwa masikio yangu hasira ya shemeji ni lalamiko hilohilo. Mercurio, hata hivyo, alikuwa akisema jambo baya zaidi, kwamba papa hakuhitajika. Dagaa mmoja alipandishwa cheo hatua kwa hatua kwa sababu wakubwa waliona afadhali kuwa na mtu asiyeuliza maswali, na Osborne, bila ya kuwa H, alitosha kabisa kumkinga kwa kulinda sifa ya jeshi lake. Wiki sita tu baada ya usiku ule, Juni 15, 2021, jopo huru lililochunguza kesi ya Daniel Morgan, mpelelezi binafsi aliyeuawa kwa shoka katika maegesho ya magari ya baa kusini mwa London mwaka 1987, lilitoa ripoti yake. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji hayo. Jopo liliituhumu polisi ya London kwa ufisadi wa kitaasisi, na likaeleza kwamba kuficha au kukana makosa ili taasisi ionekane safi ni sura mojawapo ya ufisadi huo. Ukiisoma ripoti hiyo, utadhani aliyeiandika alikuwa na Osborne mbele yake.

Kuhusu ufundi, hata hivyo, nasimama na shemeji. Mtega kitendawili akishaomba mji na akapewa, jibu analolitoa lazima liwafanye wasikilizaji wapige paja na kusema, "Kumbe!" Watazamaji walitoa mji baada ya mji kwa miaka. Mwandishi aliyetaka kutuambia kwamba uovu hauna kichwa kimoja hakupaswa kutuuzia kichwa kimoja kwa misimu mitatu, kwa herufi, kwa nukta na kwa mkono wa maiti.

Mwambie tu shemeji kwamba maandishi aliyoyazima ndiyo yaliyobeba mwisho wenyewe. Yalisema Buckells yuko mahabusu, Osborne anatafuta njia ya kisheria ya kuzuia ushahidi usifike mahakamani, na AC-12 haijawahi kuwa dhaifu kiasi kile.

SWALI: Katika msimu wa sita kila mtu anasema "CHIS" mpaka nikapoteza mkondo wa hadithi. Ni kitu gani? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ni ufupisho wa Kiingereza wenye maana ya mtoa habari wa siri wa polisi, yule ambaye mitaani ungemwita shushushu au kibaraka kutegemea umekaa upande gani. Hata Waingereza wenyewe walilalamika baada ya sehemu ya kwanza. Nadhani Mercurio hakutaka tuelewe kila neno. Alitaka tujione kama wageni katika ofisi ya watu.

SWALI: Sijaitazama kabisa. Je, naweza kusubiri msimu wa saba na kuanzia hapo? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: BBC ilitangaza msimu huo mwezi Novemba 2025, upigaji picha ukipangwa kufanyika Belfast kama kawaida, na Hastings, Arnott na Fleming wanarudi, safari hii kikosi chao kikiwa kimebadilishwa jina. Unaweza kuanzia hapo, kwa kuwa kila msimu una kesi yake, na binafsi naomba kesi hiyo iachwe isimame yenyewe bila H wa pili. Lakini ukiwa na subira, anza na mwaka 2012. Msimu wa pili, wa Keeley Hawes akiwa Inspekta Lindsay Denton, ndio bora kuliko yote kwa maoni yangu. Na ukiwa bado katika ule wa kwanza, kila Buckells anapoingia chumbani, acha kumtazama anayezungumza, umtazame yeye. Najua nimekwisha kukuharibia utamu. Barua ya Leicester ndiyo iliyofika kwanza.