Daktari amenipa jina la tatizo langu, lakini mke wangu hajali

"Shangazi, nina umri wa miaka 43. Mwaka jana tulimpeleka mwanetu kwa daktari kwa sababu hatulii darasani, na kila swali aliloulizwa yeye nikaona linanihusu mimi. Nami nilipopimwa, nikaambiwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kumakinika, tangu utotoni. Kwa miaka 12 ya ndoa mke wangu ameniita mzembe na mtu asiyejali. Hata karatasi amebandika mlangoni, kana kwamba mimi ni mtoto: funguo, gesi, ada. Nilitarajia aniombe msamaha. Badala yake aliniuliza tu, 'Sasa dawa unaanza lini?' Nimeumia sana. Nifanye nini ili anielewe?"

Mwanangu, pole. Kuishi zaidi ya miaka arobaini ukijiona mvivu, kumbe ubongo wako una namna yake ya kufanya kazi, ni jambo la kumliza mtu mzima, na sitakukejeli kwa hilo. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila niliporudia nilizidi kumsikia yule ambaye hakuiandika.

Kuchelewa kutambuliwa si kosa lako. Tangu daktari George Still alipowaeleza wenzake jijini London habari za watoto wa namna hii mwaka 1902, miongo mingi ilipita watu wakiamini kwamba ni matatizo ya utotoni yanayoisha mtu akikua. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili uliotolewa mwaka 2013 ndio uliolegeza masharti, kwamba mtu mzima atosheke na dalili 5 badala ya 6, na kwamba baadhi ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, si 7 kama ilivyotakiwa hapo awali. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoionyesha hali hii. Daktari huifuatilia kwa kusikiliza historia ya maisha, na aliyekuwa mtoto mpole, akafaulu mitihani kwa kukesha usiku wa mwisho, hupita bila kuonekana. Na kwa kuwa hali hii hurithiwa sana, wazazi wengi huigundua kama ulivyoigundua wewe, wakiwa wamekaa kando ya mtoto wao.

Hayo nakupa bila kubishana. Sasa tuje kwenye sehemu ya barua ambayo sikuichapisha. Unasema daktari alikupa karatasi ya kupima shinikizo la damu na mapigo ya moyo kabla ya kuanza dawa, na kwamba karatasi hiyo "ipo mahali fulani ndani ya gari". Kwa tarehe ulizotaja, imekaa humo miezi 14. Miaka arobaini ile walikuchelewesha wengine, lakini miezi hii 14 umejichelewesha mwenyewe, na ndiyo inayomchoma mkeo.

Unaandika pia kwamba "tulipanga miadi", kisha mistari miwili mbele unasema mkeo ndiye aliyekuamsha siku hiyo na ndiye aliyejaza dodoso, kwa kuwa daktari alitaka kusikia kutoka kwa mtu anayekufahamu. Kwa hiyo aliyepanga ni yeye, na ushahidi uliokupatia hilo jina unalojivunia leo ni wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: wewe uliishi na usahaulifu, yeye aliishi na matokeo yake, akilipa ada iliyosahauliwa na kuomba radhi kwa wageni uliowaalika bila kumwambia.

Karatasi ya mlangoni unaiita dharau. Ukienda kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kwa watu wazima wenye hali hii, miongoni mwa mambo ya kwanza atakayokufundisha ni hilo hilo, yaani kutoiamini kumbukumbu yako na kuweka ukumbusho mahali pale pale tendo linapofanyika. Mkeo alianza kukutibu kwa gundi kabla daktari hajakuona. Je, yeye nani humbandikia karatasi?

Najua utanijibu kwamba kuahirisha nako ni dalili. Ni kweli, ugonjwa huu una ujanja wa kuificha tiba yake, na ndiyo maana nakusihi umwambie daktari waziwazi kwamba ulikwama, kwa sababu hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Dawa iitwayo methilifenideti huanza kufanya kazi siku ile ile. Nyingine, atomoksetini, huhitaji wiki kadhaa. Wengine haziwafai, na ni kazi ya daktari kukupimia. Hakuna kidonge kitakacholipa ada kwa niaba yako, lakini kinaweza kukupa nafasi ya kukumbuka kwamba ada ipo.

Ndoa za siku hizi zina tabia ya kupokea maelezo ya daktari kama hukumu ya mahakama, mmoja ameshinda na mwenzake anadaiwa. Neno "mzembe" lilikuwa kali, na siku moja huenda mkeo akalijutia. Msamaha wa kwanza, hata hivyo, ni wako kuuomba, na "Sasa dawa unaanza lini?" halikuwa swali la mtu asiyejali. Lilikuwa swali la mtu aliyeona mwanga baada ya miaka 12, kisha akakaa gizani miezi 14 zaidi.

Nenda kwenye gari sasa hivi, kabla hujakaa. Usipoiona karatasi, piga simu ukiwa bado umesimama, uombe nyingine. Ile ya mlangoni usiibandue. Chukua kalamu, uongeze chini ya "ada" tarehe ya miadi yako, kwa mwandiko wako.