Taa ya jeli si lazima kwa anayeanza

Dada, umeuliza kama ni lazima ununue seti ya jeli (rangi ya kucha inayokaushwa kwa taa maalumu) na taa yake ndipo uanze kupamba kucha nyumbani. Hapana, wala usiharakishe. Jeli isiyokauka vizuri ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio, na mwanzoni sote tunapaka hadi pembeni. Chukua rangi za kawaida mbili tatu, ile angavu ya kumalizia juu, na asetoni. Kwa vidoti, kichwa cha pini au kijiti cha meno kinatosha kabisa.

Kazi kubwa ni maandalizi. Futa kucha kwa asetoni hata kama hazina rangi, mafuta yatoke. Kisha paka matabaka mawili membamba, la kwanza likauke kwanza. Tabaka nene hukauka juu tu, chini bado bichi; unalala, unaamka na alama za shuka (yamenikuta!). Pitisha brashi kwenye ukingo wa ncha pia, maana ndiko rangi huanza kubanduka.

Mkono wa kulia bado unanishinda, kwa hiyo naupaka kwanza, kabla subira haijaisha. Fungua dirisha, na asetoni ikae mbali na moto.