DVD original inagoma kucheza? Lenzi haina kosa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Nansio, Ukerewe. Shemeji alikuja likizo kutoka Marekani akawaletea watoto DVD original za katuni, tukiweka kwenye deki inaandika "wrong region" basi inagoma. Nilivuka nayo Mwanza mjini, fundi akabadilisha lenzi, bado. Sasa anajaribu kwenye laptop yangu, kashabadilisha region mara tatu, anasema zikiisha atapiga Windows upya zianze moja. Na CD za kuchoma zinacheza vizuri tu! Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kwanza kaichukue hiyo laptop leo leo, asiiguse tena. Draivu ya DVD ya kompyuta inaruhusu kubadilisha region (namba ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa) mara 5 tu, ya tano ndiyo inaganda moja kwa moja, na hiyo hesabu haikai kwenye Windows, inakaa ndani ya draivu yenyewe. Piga Windows hata kila siku, badilisha hard disk, hesabu iko palepale. Hili linanikera kuliko yote, naletewa mashine zimepigwa Windows mara kibao, picha za harusi na mafaili ya kazi yamefutwa yote, nikiangalia mabadiliko yaliyobaki nakuta sifuri, na mwenye mashine alilipia kila mara.

Lenzi nayo ulibadilishiwa bure. Deki imejuaje kwamba region siyo yenyewe kama haijaisoma hiyo CD? Lenzi iliyokufa inakwambia hakuna diski, au inazunguka weee bila kusoma chochote. Na hizo za kuchoma zisingecheza.

Zinacheza kwa sababu aliyezichoma alishatoa kufuli zote. Kufuli la DVD lilivunjwa tangu 1999, mwizi halimsumbui hata kidogo, anayesumbuka ni wewe uliyeletewa mali halali yenye risiti, na hapo sitetei kampuni za filamu, wamewakosea wateja wao. Wameigawa dunia, Marekani na Canada ni region 1, Ulaya na Afrika Kusini 2, sisi Tanzania 5. Kwa hiyo hata ya kununua Johannesburg inaweza kukugomea.

Cha kufanya: angalia modeli nyuma ya deki. Deki nyingi za bei rahisi zina menyu iliyofichwa, unafungua trei, unabonyeza namba fulani kwenye rimoti (kila modeli ina zake), unaweka region 0, yaani icheze za region zote, kazi imeisha bila kushika bisibisi. Picha ikija haina rangi au inaruka, ni kwa sababu CD za Marekani zina mfumo wa picha wa TV unaoitwa NTSC na sisi huku tunatumia mfumo wa PAL, ingia kwenye setting za deki ubadilishe hapo. Modeli yako ikiwa haina hiyo menyu, nunua deki ya region zote, na uende dukani na CD yako mwenyewe wakuchezeshee kabla hujatoa hela.

Na wengine mnaoagiza Blu-ray, zile diski zenye picha kali kuliko DVD, huko wanatumia herufi, Marekani A, Afrika B, waambieni ndugu zenu waangalie nyuma ya kava kabla ya kulipa. Halafu hizo programu za "kufungua region" mnazopewa kwenye flashi, ikikwambia zima antivirus kwanza, chomoa hiyo flashi, wengi wameishia kuibiwa password hivyo hivyo.