Busha la mtoto: kisu hupita kinenani, si mfukoni

Maswali ya wazazi

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane, uzito wake kilo 12. Tangu azaliwe upande wa kulia wa korodani umevimba. Akiamka huwa mdogo, lakini jioni, baada ya kukimbia kutwa, unajaa tele. Daktari ametuambia ni maji na ametupa tarehe ya upasuaji baada ya wiki tatu. Nyanya yake aliyeko Kilifi anasema hilo ni busha na mtoto mdogo hapasuliwi. Mimi kinachonitisha ni dawa ya usingizi. Tungoje? Na siku yenyewe tujiandae vipi? (Mama, Kayole)

JIBU: Mama, nyanya hajakosea jina, ila busha analolijua yeye ni la watu wazima. Kule Pwani, mara nyingi hilo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ikaziba mishipa ya limfu kwa miaka. La mwanao halina mbu wala minyoo. Mtoto akiwa tumboni, korodani huumbika juu, karibu na figo, na ujauzito ukifika kama miezi saba huanza kupita kinenani na kuteremka kwenye mfuko wa korodani. Zinapoteremka huvuta utando wa tumbo, ukawa kama mkono wa shati. Mkono huo hutakiwa kujifunga karibu na wakati wa kuzaliwa. Wa mwanao umebaki na tundu jembamba: utumbo haupiti, lakini maji ya tumboni yanapita. Akisimama yanashuka, akilala yanarudi.

Kwa hiyo ile tofauti ya asubuhi na jioni uliyoiona ina uzito kuliko ukubwa wa uvimbe. Uvimbe usiobadilika kwa mtoto mchanga kwa kawaida hunyonywa na mwili kabla ya kufikisha mwaka mmoja au miwili. Wako anakaribia miwili na njia bado inapitisha maji, na daktari ana sababu ya kutoa tarehe. Hata hivyo si dharura. Maji hayo hayamuumizi, na mwezi mmoja zaidi haubadilishi kitu ikiwa uvimbe ni wa maji peke yake. Shikilia neno hilo, maana likitokea la kuahirisha hutakuwa na sababu ya kulazimisha.

Sasa kisu. Wazazi wengi hushangaa kuona kidonda kinenani ilhali uvimbe ulikuwa chini. Mlango wa yale maji uko juu, ndiyo maana. Daktari hukata sentimita 2 au 3 hivi kwenye mkunjo wa ngozi, anaitafuta ile njia ya utando, anaibandua taratibu kutoka kwenye mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani, anaifunga juu kabisa, kisha anatoa maji yaliyobaki. Nyuzi za ndani huyeyuka zenyewe. Kazi yenyewe kwa kawaida ni nusu saa hadi saa moja, na wengi hurudi nyumbani jioni ileile. Pagumu ni pale pa kubandua: kwa mtoto wa umri huu mrija wa mbegu ni mwembamba kama tambi, na ukiumizwa haujulikani leo, utajulikana akiwa mtu mzima. Ndiyo maana tunapendelea daktari wa upasuaji wa watoto, au aliyezoea kuwapasua. Muulize, “Utakata wapi?” Akijibu kwamba atapasua mfuko wenyewe kama afanyavyo kwa mzee, mwombe akueleze mlango ataufungaje. Maji yakitolewa na mlango ukaachwa wazi, yatarudi.

Kuhusu usingizi, hatari unayoweza kuipunguza wewe mwenyewe ni ya chakula. Mtoto akilazwa kwa dawa ya usingizi tumbo likiwa na kitu, anaweza kutapika huku koo limelegea, matapishi yakaingia mapafuni. Kipimo cha kawaida ni saa 6 bila chakula, uji, maziwa ya ng’ombe au ya kopo. Saa 4 bila ziwa la mama. Saa 2 bila maji. Akipangiwa saa mbili asubuhi, uji wa mwisho ni saa nane usiku, kunyonya mwisho saa kumi alfajiri, maji matupu mwisho saa kumi na mbili. Hospitali nyingine zina saa zake, nawe fuata karatasi uliyopewa. Chai ya maziwa ni maziwa. Juisi yenye nyamanyama ni chakula. Na mtu anayeharibu mpango mara nyingi ni mtu mwema: dada wa kazi au binamu anayemwonea huruma akampa biskuti pale kituoni mkisubiri matatu. Waambie wote nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, na mifuko mkague. Ikitokea amekula, sema. Kurudishwa nyumbani kunaudhi, lakini hakudhuru.

Mafua yenye homa, kikohozi cha makohozi au kifua kinachopiga filimbi, piga simu kabla hamjatoka. Njia za hewa zilizovimba hujibana kirahisi wakati wa usingizi, na kwa kawaida upasuaji husogezwa wiki 2 hadi 4, pengine zaidi kifua kikiwa kimeshika. Mweleze pia daktari wa usingizi kama alizaliwa njiti, kama ana pumu au seli mundu, na kama kuna wa ukoo aliyewahi kupata shida chini ya dawa hizo.

Akishalala, huenda akachomwa ganzi chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio. Humtuliza maumivu kwa saa kadhaa, ila miguu inaweza kulegea, basi usimsimamishe hadi ikaze. Kwenda hospitali nendeni watu wazima wawili. Mmoja ashughulikie gari na dirisha la malipo, mwingine asiachane na mtoto.

Nyumbani, parasetamoli kwa siku mbili za mwanzo mpe kwa saa, usingoje alie. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180 kwa kilo zake 12. Kwa dawa ya maji iliyoandikwa 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa kabla ya kupima, kwani kuna nyingine yenye 250 kwa mililita 5, ukimpa 7.5 ya hiyo umempa zaidi ya maradufu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha, si kijiko cha chai. Aspirini asipewe kabisa.

Kidonda kikae kikavu siku 2 au 3, baadaye ni kumwagia maji upesi na kukausha kwa kugusagusa. Kumkalisha kwenye karai, ngoja wiki nzima. Nepi ikunje ukingo wa mbele ushuke chini ya kidonda, na ubadilishe mara inapolowa. Usimbebe mgongoni kwa leso wiki 2, kwa sababu miguu ikitanuka kidonda kinavutwa na kinena kinabanwa dhidi ya mgongo wako. Baiskeli ya magurudumu matatu na farasi wa kupanda zifiche.

Mfuko utavimba na kuwa wa zambarau, pengine mkubwa kuliko ulivyokuwa kabla, na wazazi hudhani kazi imeharibika. Hupungua kwa wiki kadhaa. Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona damu inayolowesha bandeji, wekundu unaotambaa, usaha, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika kusikokoma, au kutokojoa. Kwenye kliniki ya marudio hakikisha daktari ameishika korodani na kuiona imekaa mfukoni. Mara chache kovu huivuta juu.

Malipo: kama mko SHA, bima ya afya ya serikali, thibitisheni wiki hii kwamba mtoto ameandikishwa chini yenu na michango imelipwa, kisha muulize hospitali kuhusu kibali cha upasuaji. Kibali kikifuatwa asubuhi ya siku yenyewe, mtoto anakaa na njaa akingoja kompyuta.

SWALI: Wetu ana miezi mitatu. Korodani zimevimba pande zote mbili, uvimbe hauongezeki wala haupungui. Kliniki moja ya mtaani imemulika kwa tochi ikang’aa, wakasema watayanyonya maji kwa sindano. (Baba, Kawangware)

JIBU: Baba, kataa. Maji hurudi, sindano huingiza vijidudu, na kama ndani mna utumbo utatobolewa. Tochi haitoshi: utumbo wa mtoto mchanga una ngozi nyembamba, nao pia hung’aa. Daktari hupima kwa vidole, akitafuta kama juu ya uvimbe anaweza kuishika kamba ya korodani pekee. Akishindwa, kuna kitu kinachoshuka kutoka tumboni, na hiyo ni ngiri. Ngiri ya mtoto mchanga haingojewi afikishe mwaka. Ikiwa ni maji tu, mpelekeni kliniki kawaida na mkaguliwe tena baada ya miezi michache. Uvimbe ukigeuka mgumu, mwekundu au wa kuuma, mtoto akalia bila kunyamazika au akatapika, hasa matapishi ya kijani, nendeni hospitali kubwa usiku huohuo.

SWALI: Akipasuliwa busha anaweza kutahiriwa papo hapo? (Mama, Githurai)

JIBU: Inawezekana, na madaktari wengi hukubali kwa kuwa anapewa dawa ya usingizi mara moja tu. Sema mapema ili saa ipangwe na tohara iandikwe kwenye fomu ya idhini, na ujue mtakuwa na vidonda viwili ndani ya nepi moja. Ila kwanza angalia mkojo unatokea wapi. Tundu likiwa chini ya uume badala ya nchani, asitahiriwe na mtu yeyote: ile ngozi ya mbele ndiyo daktari atakayoitumia kurekebisha njia ya mkojo.