Kisu cha kukunja cha kutengenezwa kwa mkono: hela inakwenda wapi

Mkuu, umeuliza mtu mwenye akili timamu anatoaje zaidi ya euro 200 kununua kisu cha kukunja, wakati Kariakoo vipo vya elfu chache na vinakata vilevile. Nikujibu mimi ninayeishi Clermont-Ferrand. Thiers, mji wa mafundi visu wa Ufaransa, uko jirani tu, na changu cha aina ya Laguiole, kisu cha kukunja cha jadi cha Ufaransa, kilitengenezwa huko kwa oda.

Kukata si hoja. Kisu chochote kikinolewa kinakata. Hela imekwenda kwenye maungio. Kisu cha aina hii hakina komeo; kuna springi ndefu inayopita mgongoni mwa mpini, na ncha yake inakandamiza kitako cha bapa. Springi hiyo inatakiwa ilingane na mabamba ya pembeni kisu kikiwa wazi, na ilingane tena kikiwa kimefungwa. Hapo ndipo kazi ilipo. Fundi anapiga tupa kidogo, anaunga, anafungua, anatazama, anabomoa, anapiga tena. Akizidisha, bapa linacheza, na chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kwa kisu cha elfu chache hakuna wa kukibembeleza hivyo.

Ukipata nafasi ya kukishika, kifungue polepole. Mwanzoni kinagoma, halafu kinaingia kwa mlio mmoja mkavu. Shika bapa karibu na ncha, tikisa kushoto na kulia: kimya. Kielekeze dirishani uone kama mwanga unapenya kati ya springi na mabamba. Kikunje, utazame bapa limekaa katikati au limeegemea upande. Kisha pitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma; ukikwama, fundi alikuwa na haraka.

Wengi wanakimbilia nyuki. Kichwani mwa springi huwa kuna kinyuki, na wauzaji watakupa hadithi kwamba ni nembo iliyotolewa na Napoleon, mtawala wa zamani wa Ufaransa, ambayo ni ya kuuzia tu. Wewe uliza kama nyuki huyo ni chuma kilekile cha springi kilichofuliwa, au amechomelewa juu yake. Kuchomelewa si dhambi, ila usitozwe bei ya kufuliwa. Na jina Laguiole peke yake lisikutishe, limepigwa mhuri kwenye visu vya kila namna, vya Asia vikiwemo. Mimi napenda zaidi mgongo wa springi, ambao fundi huuchonga nakshi kwa tupa akifuata jicho lake. Changu kina majani yanayofuatana, na moja limelala kidogo kuliko wenzake. Silibadilishi kwa lolote.

Mpini nilichaguliwa na macho. Fundi alinipangia mezani pembe ya ng'ombe, mzeituni na vipande vingine, katikati yake nikaona cheusi tii: mpingo! Mti uleule wa Lindi na Mtwara, wa vinyago vya Wamakonde na zumari za Ulaya. Ni mbao nzito inayozama majini, na ukiisugua kwa msasa laini inang'aa bila vanishi. Mafuta ya kiganja yanaikoleza kadiri unavyoitumia.

Bapa nilichukua 12C27, chuma cha pua cha Sweden. Cha kaboni kinanoleka upesi zaidi, lakini mimi ni mtu wa machungwa na ndimu, kingeota madoa wiki hiyohiyo.

Matunzo si mengi. Tone la mafuta kwenye mhimili, usikiloweke, na wakati wa kufunga usikiachie kijipigize. Lisindikize bapa kwa vidole, maana makali yanaweza kugonga springi ndani na kuota pengo. Kwenye ndege kinakwenda na mzigo wa chini. Hapa Ufaransa kutembea nacho bila sababu ya msingi kinaweza kukuletea kesi, kwa hiyo changu ni cha mezani na cha bustanini. Na ukimzawadia Mfaransa kisu, atakurudishia sarafu ili ihesabike amekinunua, kisije kikakata urafiki.

Kama shida yako ni embe na kamba tu, chukua Opinel. Imeanza 1890 kule Savoie, Ufaransa, ni ya kiwandani, ina mpini wa mbao na pete ya kufungia bapa. Saizi namba 8 haifiki euro 20, na kikipotea kwenye daladala hutalia.