Kushusha besi ya nyuzi nne isiyo na freti hadi BEAD: kulegeza tu hakutoshi

Mkuu, umesema umeshusha gitaa lako la besi lisilo na freti (vile vyuma vya kugawa noti kwenye ubao wa shingo) kutoka EADG hadi BEAD (noti za nyuzi zake, kuanzia ule mnene) kwa nyuzi zilezile, sasa uzi mnene unapigapiga ubao na sauti yake haieleweki, na unauliza ukaze chuma cha shingo (kile cha ndani kinachoinyoosha) au uinue daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini). Acha vyote viwili kwanza. Shida iko kwenye nyuzi.

Mkazo wa uzi hufuata mraba wa masafa yake. E ni hezi 41.2, B ya chini ni hezi 30.9. Ukiushusha uzi uleule hadi huko unabaki na kama asilimia 56 ya mkazo wake. Uliokuwa umevutwa kwa kilo 18 unabaki na 10, yaani kamba ya kuanikia nguo. Ukiinua daraja kelele zitapungua, ila uzi uliolegea kila ukiubonyeza sauti inapanda, na kadiri ulivyo juu ndivyo inavyopanda zaidi. Ungekuwa unashuka toni moja tu ungebaki na asilimia 79 hivi. Hapo ningekwambia weka seti nene kidogo, basi.

Nunua seti ya besi ya nyuzi tano, uzi wa G weka akiba, tumia nne zilizobaki: .065, .085, .105 na .130 (unene kwa inchi). Kama ubao wako ni mti mtupu, chukua zile zilizozungushiwa utepe bapa, maana za waya wa mviringo zinausaga ubao kama tupa. Jaco Pastorius alipiga za mviringo, sawa, lakini ubao wake aliupaka epoksi ya maboti.

Sasa nati, kile kipande chenye mifereji kule kichwani. Hapa ndipo nilipoharibu. Mfereji uliochongwa kwa ajili ya .105 hauwezi kumeza .130, uzi unakaa juu juu kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti. Mimi nilichukua tupa, nikasugua kwa pupa, na nilipokuja kuweka uzi ukalala kabisa juu ya ubao. B ikipigwa wazi inazoza tu. Ilibidi nijaze mfereji kwa unga wa mfupa na supaglu, tone moja moja, nikasubiri ikauke, nikaanza upya. Safari hiyo nilizungushia msasa laini kwenye kipande cha uzi wa zamani wa .105, nikapanua kuta za pembeni tu bila kugusa chini. Kila mapito matano sita, jaribu uzi. Kitako cha mfereji ndicho cha mwisho, na kwenye besi isiyo na freti kinashuka kuliko ulivyozoea: uzi uachane na ubao kwa unene wa karatasi mbili za daftari hivi. Hakikisha pia mfereji unainama kuelekea kichwani, ili uzi uachie kwenye ukingo wa mbele. Ukiachia katikati, utapata mlio wa nyuki na kutyuni hakutatulia. Na mifereji mingine mitatu usiisahau, kila mmoja sasa unabeba uzi mnene kuliko wa zamani.

Kabla ya kukata uzi wa B, ukunje kwanza kona kali pale utakapoingia kwenye mashine ya kukazia. Ukikata ukiwa umenyooka, waya wa juu unaweza kuanza kujifungua.

Shingo iache ikae na nyuzi mpya hadi kesho yake. Kwa seti hii jumla ya mvuto inapungua kidogo tu, kwa hiyo shingo inaweza kurudi nyuma kidogo. Bonyeza uzi kwenye ncha zote mbili za ubao, uangalie katikati: nafasi ya karatasi mbili tatu inatosha. Kama hakuna nafasi, legeza chuma robo mzunguko, subiri, pima tena. Baada ya hapo ndipo uje kwenye daraja. Mwisho wa ubao mimi naacha milimita 2 kwa D na karibu 3 kwa B. Najua wengi wanataka chini zaidi ili wapate ule mngurumo, lakini B inacheza kwa upana, lazima uipe nafasi.

Kupima urefu wa uzi, linganisha hamoniki ya katikati (mlio unaotoka ukiugusa uzi tu bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa palepale kwenye oktava. Tumia tyuna, sikio peke yake huko chini linadanganya. Noti ikiwa juu kuliko hamoniki, kirudishe nyuma kibebeo cha uzi pale kwenye daraja. Changu kiligota kabla ya kufika, nikakata springi yake nusu kikapita.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Ukishapoteza uzi wa G, noti iliyokuwa nafasi ya 7 (nusu toni saba juu ya uzi wazi) kwenye G sasa unaitafuta nafasi ya 12 kwenye D. Kwa besi ya inchi 34, nusu toni pale ilikuwa milimita 32, hapa ni 24. Kwa freti usingehangaika. Bila freti, vidole vinaenda na umbali vilivyozoea, na mimi wiki mbili za kwanza kila nilipopanda huko juu nilikuwa napitiliza.