Uchovu Usio wa Kazi

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Juzi kwenye simu uliniuliza, kisha ukacheka kidogo kama mtu aliyejutia swali lake: "Mama, daktari kasema utumbo umetulia, na kazi nzito hufanyi. Sasa kinachokuchosha ni nini?" Sikukujibu kwa kuwa shangazi yako alikuwa ameketi hapo hapo, na yeye jibu lake analo siku nyingi: kijicho. Kombe la aya za Kurani nimekunywa na sijutii. Lakini wewe umeuliza mwilini kunatendeka nini, nami huu ugonjwa wa utumbo, Crohn, nimekaa nao miaka 11, nikiwauliza madaktari hadi wengine wao wakanichoka.

Kwanza kazi iweke kando. Unakumbuka malaria iliyokushika mwaka wa mtihani? Ulijilaza sebuleni, chakula hutaki, kuongea hutaki, hata kikombe cha chai kukiinua ni mzigo. Hukuwa umebeba kitu. Ni mwili wako mwenyewe uliokulaza. Chembe nyeupe za damu zikiingia vitani hutoa kemikali za kupashana habari, saitokaini, na baadhi yake ndizo hizo unazoziona kwenye karatasi zangu za hospitali, TNF na interleukini-6. Habari zikifika kwenye ubongo, ubongo hutoa amri: lala, usile, usitembee, nguvu ziende kunakopiganwa. Kwa malaria amri hiyo ni ya siku chache, na ina maana yake. Kwangu mimi kinga ya mwili inaupiga utumbo wangu wenyewe, vita haviishi, na amri haiondolewi. Ni uchovu wa homa, ila homa yenyewe haipo.

La pili ni damu, na hapa nivumilie, maana ndipo nilipopotezewa mwaka mzima.

Utumbo wenye vidonda huvuja, hata pale ambapo jicho halioni kitu chooni. Kila tone linatoka na madini ya chuma, na bila chuma uboho hautengenezi chembe nyekundu za kutosha za kubeba hewa. Hilo kila mtu analijua, ndiyo sababu majirani wananiletea tende, maini na juisi ya bitiruti mpaka jokofu halifungi. Wasilolijua ni mambo ya ini. Ini linaposikia kelele za ile interleukini-6 humwaga homoni iitwayo hepsidini, na kazi yake ni kufunga milango ya chuma. Mlango wa utumbo unafungwa, chakula chenye chuma kinapita tu. Na mlango wa ghala unafungwa pia. Mwili, mwanangu, hautegemei sana chuma cha sahani. Kwa siku hupokea miligramu 1 au 2 tu kutoka kwa chakula, lakini hukusanya miligramu 20 hadi 25 kutoka kwa chembe nyekundu zilizozeeka, maana kila moja huishi kama siku 120 tu, kisha huvunjwa na chuma chake kutumika tena. Hepsidini ikizidi, chuma hicho hubaki kimefungiwa ndani ya chembe zilizozivunja zile nyekundu. Mali iko nyumbani, ufunguo haupo.

Sasa sikiliza kituko. Kliniki moja walinipima feritini, ile inayoonyesha akiba ya chuma, ikaja 60. Wakaniambia akiba ipo, nirudi nyumbani nikapumzike. Kipimo cha damu yangu, hemoglobini, kilikuwa 9.1, na mwanamke hatakiwi kushuka chini ya 12! Mwaka uliofuata daktari wa Mombasa alitikisa kichwa. Feritini hupanda yenyewe mwili unapowaka, akasema, kwa hiyo kwa mgonjwa ambaye utumbo wake unawaka, hata kipimo kilicho chini ya 100 chaweza kuficha upungufu. Vidonge vya chuma navyo vilikuwa vikiniumiza tumbo bure, kwani mlango umefungwa. Akanitia chuma kwa drip, kikaingia moja kwa moja kwenye mshipa. Baada ya wiki kadhaa nilitoka Langoni hadi Mkomani kwa miguu bila kuketi kwenye baraza ya mtu.

Lakini wewe umeniuliza kuhusu sasa, utumbo ukiwa umetulia. Sipo peke yangu. Karibu nusu ya wagonjwa waliotulia bado wanalalamikia uchovu. Utumbo kuonekana umetulia kwenye kamera wanayoipitisha ndani si kuzimika kabisa, makaa huweza kubaki chini ya jivu. Halafu kuna madeni ya zamani. Nilipofanyiwa upasuaji walikata ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo vitamini B12 hufyonzwa kwa sehemu kubwa. Ini huwa na akiba yake ya miaka, kwa hiyo nilijidhani mzima, hadi nyayo zilipoanza kufa ganzi. Ndiyo maana ya zile sindano za B12.

Prednisoloni, ile dawa ya kuituliza kinga ya mwili, nayo ilinisaidia, siikani, ila ilininyima usingizi na ikanila misuli ya mapaja. Ngazi za nyumba hii unazijua zilivyo wima. Na usidhani ningeweza kuitupa siku niliyochoka nayo: ukiitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yao inayofanana nayo, na ukikatiza ghafla unaanguka. Tuliipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Usiku wa kuamka chooni mara nne sina haja ya kukueleza.

Ulipokuwa kidato cha pili ulimwambia dada yako, "Mama siku hizi kazi yake kulala." Nilikuwa nyuma ya pazia. Sikukasirika sana, maana hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

Hiyo dawa ya kuongeza nguvu uliyosema utaninunulia, usiinunue. Nitafutie badala yake karatasi ya vipimo vya mwaka jana, nadhani ilibaki kwenye begi lako la bluu. Jumatatu navuka Mokowe kwa boti ya alfajiri kuwahi basi la Mombasa, na daktari anataka kulinganisha feritini ya wakati ule na ya sasa. Ukiipata ipige picha uitume, hakikisha namba zinasomeka.

Ukija Maulidi utanikuta chumba cha chini. Cha juu nimewaachia paka.

Mama yako